Mama Antoinette Lubaki, mchoraji wa Bukama



Jina Lubaki likitajwa, wengi wanawaza Albert tu, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Lakini bibi yake Antoinette naye alikuwa mchoraji, na tunapenda mumujue.

Walikaa Bukama, pale njia ya treni ya kutoka Elisabethville, leo Lubumbashi, ilipofika kwenye mto Lualaba mwaka 1918. Zamani watu walichora juu ya kuta za nyumba. Mvua ikinyesha sana, picha inakwisha. Mwaka 1926 Mubeleji mmoja wa serikali, Georges Thiry, aliona kuta zile, akawapa karatasi na rangi ya maji. Ndipo Mama Antoinette alichora watu, nyama wa pori na miti. Picha za akina Lubaki zikavuka bahari: Brussels mwaka 1929, Geneva 1930, Paris 1931. Wenyewe walibaki huku.

Kiisha Wazungu waliacha kuleta karatasi, na jina lake likanyamaza. Mwaka 2015 picha zake zilionyeshwa tena Paris, na jina Antoinette liliandikwa kando ya lile la bwana yake.

Ukuta ulipoteza, karatasi ilichunga. Basi mabinti wa shule yetu, mukichora, muandike majina yenu chini.