Mchungaji Gudina Tumsa (1929–1979): Shahidi wa Injili Katika Nyakati za Majaribu

Miongoni mwa watumishi wa Kilutheri wa Bara la Afrika ambao maisha yao yanastahili kukumbukwa, yumo Mchungaji Gudina Tumsa wa Ethiopia. Alizaliwa mwaka 1929 huko Boji, Wollega, magharibi mwa nchi hiyo, katika kabila la Waoromo. Alisoma katika shule ya misheni ya Waswidi, akafanya kazi hospitalini Nekemte, kisha akaitika wito wa kuhubiri Injili. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958. Baada ya masomo ya theolojia huko St. Paul, Minnesota, Marekani, alirejea nyumbani mwaka 1966 na kuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesu.

Nchi aliyoitumikia ilikuwa na dhuluma nyingi. Wakulima wengi walilima mashamba ya wenye nchi na kuwapelekea sehemu kubwa ya mavuno. Gudina alifundisha kwamba Kanisa haliwezi kumhubiria mtu wokovu na kufumbia macho njaa yake. Hata hivyo, wafadhili wa nchi za Magharibi walipozidi kutoa fedha za miradi na kusitasita kutoa kwa ajili ya uinjilisti, Kanisa lake liliwaandikia waraka mwaka 1972 kupitia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Waraka huo ulikumbusha kwamba binadamu ni mmoja. Mwili na roho yake havitenganishwi.

Septemba 1974 Mfalme Haile Selassie aliondolewa madarakani, na utawala ukashikwa na wanajeshi walioitwa Derg. Mwaka 1975 ardhi yote ya vijijini ilitangazwa kuwa mali ya umma. Wako Wakristo walioyapokea mapinduzi kana kwamba ndiyo wokovu wenyewe, na wako walioyakataa yote kwa hofu. Gudina hakufuata njia yoyote kati ya hizo. Aliikubali haki ya mkulima kupata ardhi, kwa kuwa jambo la haki ni la haki hata likitendwa na asiyemcha Mungu. Lakini itikadi iliyodai utii wote wa mwanadamu na kumkana Muumba aliikataa waziwazi. Alilihimiza pia Kanisa lijifunze kujitegemea, lisije likatetereka siku misaada ya nje itakapokatika.

Majaribu yaliongezeka. Machi 1977 serikali ilitwaa kituo cha Redio Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, ambacho matangazo yake ya Kiswahili yalisikika hata Afrika Mashariki. Makanisa mengi yalifungwa na watumishi wakatiwa gerezani. Gudina alitakiwa kuisemea serikali mema mbele ya makanisa ya nje, naye akakataa kulifunika kwa maneno yake jambo aliloliona kwa macho. Alikamatwa mwaka 1978, na tena Juni 1979.

Alipoachiwa, rafiki zake walimsihi aondoke nchini. Inasimuliwa kwamba Rais Julius Nyerere wa Tanzania alisaidia kuandaa njia ya kumwokoa. Gudina alishukuru, lakini hakukubali kuliacha kundi lililokuwa likiteswa. Tarehe 28 Julai 1979, baada ya ibada katika usharika wa Urael, Addis Ababa, alitekwa pamoja na mkewe, Tsehay Tolessa. Mama huyo aliachiwa. Mchungaji aliuawa usiku uleule.

Mwaka uliofuata Mama Tsehay naye alitiwa gerezani, akateswa, akakaa humo karibu miaka 10. Alitoka akiwa bado mwamini. Derg ilianguka mwaka 1991, na mwaka 1992 mabaki ya mumewe yalipatikana, yakazikwa kwa heshima.

Hekima ya Gudina haikuwa ya kujitenga na nchi yake, wala ya kuifuata kila ilikoelekea. Alichambua jambo moja baada ya jingine kwa nuru ya Neno la Mungu: hili twaweza kulipokea, na hili hatuwezi, hata kwa gharama ya uhai. Usharika unaoingia katika karne yake ya pili utahitaji hekima hiyohiyo, kwa maana kila kizazi hukutana na sanamu zake, na si zote huja na bunduki.