Phineas Gage: Jamaa Aliyepitishwa Mtaimbo Kichwani na Bado Akapanda Mkokoteni Mwenyewe

Kama ulisoma saikolojia hata kidogo, ile ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani, hili jina umepatana nalo. Stori yake hupewa hivi: chuma kilimpita kichwani, akapona, lakini akageuka mtu mbaya, basi. Hiyo ni nusu tu msee. Nusu ya pili iko kwa mifupa ya kichwa chake, na madaktari wamekuwa wakiichimba hadi juzi juzi.

Gage alizaliwa 1823 huko New Hampshire, Marekani. Akiwa na miaka 25 alikuwa nyapara wa mjengo wa reli ya Rutland na Burlington, jimbo la Vermont. Wakubwa walimkubali sana. Mwili fiti, akili ya biashara, na vijana wake walimheshimu.

Kazi yenyewe ilikuwa kupasua miamba. Unatoboa shimo, unamwaga baruti, unaweka utambi, halafu unamwaga mchanga juu ndio ushindilie na mtaimbo. Huo mchanga ndio kinga yako. Ukishindilia baruti tupu, cheche moja tu kati ya chuma na jiwe na umeisha. Gage alikuwa na mtaimbo wake special, ametengenezewa na fundi wa vyuma: urefu mita 1.1, unene sentimita 3 na kitu, uzito kilo 6, ncha moja imechongoka.

Tarehe 13 Septemba 1848, saa kumi na nusu jioni, karibu na mji wa Cavendish, aligeuza kichwa kuwaangalia vijana wake nyuma. Mtaimbo ukagonga mwamba, baruti ikawaka, na chuma kikatoka mbio. Kiliingia kwa shavu la kushoto, chini ya mfupa wa shavu, kikapita nyuma ya jicho, kikatoboa sakafu ya fuvu, kikapasua ubongo wa mbele na kutokea juu utosini kupitia mfupa wa paji la uso. Kilienda kuokotwa karibu mita 25 kutoka hapo, kimepakaa damu na ubongo.

Ungedhani hadithi imeisha hapo, si ndio? Manze, baada ya dakika chache jamaa alikuwa anaongea. Alitembea akishikiliwa kidogo tu, akapanda mkokoteni wa ng'ombe na kuketi wima zaidi ya kilomita moja hadi hoteli alikokuwa anaishi. Daktari wa kwanza kufika, Edward Williams, alimkuta ameketi kwa kiti nje, na Gage akamtania kwamba hapa daktari amepata kazi ya kutosha. Williams alidhani anachezwa. Kisha Gage akainuka, akatapika, na ile nguvu ya kutapika ikasukuma kipande cha ubongo nje.

Jioni hiyo kesi ikachukuliwa na daktari mwingine, John Harlow, kijana ambaye hata hakuwa amegonga miaka 30. Kumbuka ni 1848, dawa za kuua bakteria hazijulikani. Harlow alitoa vipande vidogo vya mfupa, akarudisha kile kikubwa mahali pake, akafunga kidonda lakini akaacha nafasi ya uchafu kutoka. Siku chache baadaye kichwa kikajaa usaha, Gage akazima karibu kabisa, na marafiki wakaandaa jeneza. Harlow akapasua, akatoa usaha, na mgonjwa akarudi. Kufika mwisho wa Novemba alikuwa nyumbani kwao. Jicho la kushoto ndio halikuona tena.

Kazi ya reli walimnyima. Harlow aliandika kwamba alikuwa amebadilika: matusi mdomoni, kiburi, leo anapanga hivi kesho anabomoa. Hapo ndipo vitabu vingi husimama, na wengine wakaongeza chumvi hadi wakamfanya mlevi na mzururaji. Lakini angalia alichofanya baadaye. Alionyeshwa kwa makumbusho ya Barnum huko New York, akafanya kazi ya kuchunga farasi, kisha 1852 akasafiri hadi Chile. Huko aliendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kama saba, barabara ya Valparaíso na Santiago. Farasi sita, abiria, mizigo, ratiba, lugha ngeni. Uliza dereva yeyote wa matatu kama hiyo ni kazi ya mtu aliyechizi. Mimi naona jamaa alijipanga upya, na hiyo sehemu amenyimwa sifa.

Afya ikamgeuka 1859, akaenda kwa mathe na sista huko San Francisco. Kifafa kikamwandama na 21 Mei 1860 akaaga, miaka 36. Ubongo wake hakuna aliyeupasua kuuangalia. Harlow alipojua miaka kadhaa baadaye, aliiandikia familia akiomba kitu kigumu sana: wamfukue. Walikubali. Fuvu na ule mtaimbo vikamfikia, na mwishowe akavipeleka makumbusho ya anatomia ya Harvard, Boston.

Sasa teknolojia ikaingia. Fuvu la mtu lina mifupa 22, na eksirei ya kawaida hukupa kivuli kimoja bapa, mifupa yote imelaliana. Mwaka wa 1994, timu ya Hanna Damasio ilitumia vipimo na eksirei za fuvu hilo ikasema chuma kiliumiza pande zote mbili za ubongo wa mbele. Mwaka wa 2004, Peter Ratiu na wenzake wakalipitisha kwa CT, ile mashine ya kukata picha vipande vyembamba kama mkate, kisha kompyuta inaviunganisha. Waliona upande wa kushoto pekee ndio ulioumia. Pia waliona tundu la chini ni dogo kuliko chuma chenyewe! Maelezo yao ni kwamba mifupa ilipasuka, ikafunguka kama mlango wenye bawaba, chuma kikapita, kisha ngozi na nyama zikaivuta ikajifunga. Nyufa zenyewe bado zinaonekana. Hesabu nyingine ya 2012 ilikadiria kwamba alipoteza asilimia 4 ya gamba la ubongo, na kama asilimia 11 ya zile nyaya nyeupe za kuunganisha sehemu zake.

Na kuna picha yake. Wenyewe walikuwa nayo miaka mingi wakidhani ni mvuvi wa nyangumi na mkuki wake, hadi ilipotambuliwa na kutangazwa 2009. Kijana smati, suti safi, jicho moja limefungwa, mtaimbo ameushika kwa mikono yote miwili.