Ma Mon Luk: Mwalimu aliyeacha chaki akabeba supu begani

Kama umewahi kupita Kamukuywa ukienda Kitale, unawajua wale vijana wanaokimbilia dirisha la matatu na mahindi au ndizi kabla gari halijasimama. Wengine huwaona kama watu walioshindwa na maisha. Hebu nikupe stori ya Ma Mon Luk, halafu uniambie.

Jamaa alizaliwa 1896 mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Alikuwa mwalimu. Kazi ya heshima, lakini mfuko mtupu. Akampenda msichana, Ng Shih, na wazazi wa msichana wakakataa: mwalimu maskini hawamtaki. Hiyo unaielewa, hata huku kwetu lazima ng'ombe wahesabiwe.

Mwaka wa 1918 akapanda meli hadi Manila, Ufilipino. Mtaji hana. Akachukua mti, akauweka begani, mkebe huku na mkebe kule. Mmoja una tambi na nyama ya kuku, mwingine una supu juu ya makaa. Akawa anazunguka mitaani kwa miguu, anakata tambi kwa makasi mbele yako, anakumwagia supu moto. Chakula hicho kikaitwa mami. Usicheke, huko si mama ya mtu. "Mi" ni tambi.

Baadaye akafungua mkahawa Binondo, mtaa wa Wachina, akauza pia siopao. Hiyo ni ndugu ya mandazi: unga wa ngano, hamira, sukari. Ila haikaangwi, inapikwa kwa mvuke. Inatoka nyeupe, laini, nyama imejificha ndani. Wachina walikuwa nayo tangu zamani, lakini yeye ni kati ya waliofanya Wafilipino waizoee kama sisi na chapati. Mbinu yake? Aligawa bure watu waonje, wakubwa kwa wadogo. Ukionja leo, kesho unarudi na pesa.

Na Ng Shih? Alimwoa, bana. Alipofariki 1961, jina lake lilikuwa kwenye mikahawa, na Manila nzima ilimjua.

Sisemi uache shule. Nasema kazi ya kubeba chakula mtaani si aibu, na anayeifanya leo hujui kesho atakuwa wapi. Kwa hivyo ukifika Kamukuywa, kabla hujafunga dirisha, nunua hata hindi moja.