Paul Zindel

Paul Zindel (Staten Island, New York, 15 Mei 1936 – New York, 27 Machi 2003) alikuwa mwalimu na mwandishi wa tamthilia na riwaya kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa riwaya fupi zenye matukio ya haraka kuhusu vijana wenye matatizo nyumbani na shuleni. Riwaya hizo ziliwavuta hata wanafunzi wasiopenda kusoma.

Maisha

Baba yake, aliyekuwa polisi, aliiacha familia Paul akiwa bado mtoto. Mama yake, aliyefanya kazi ya uuguzi, alimlea pamoja na dada yake huku wakihamahama. Akiwa na umri wa miaka 15 aliugua kifua kikuu, akalazwa kwa takriban mwaka mmoja na nusu kati ya wagonjwa watu wazima.

Alisomea kemia katika Chuo cha Wagner, na huko alifundishwa uandishi na Edward Albee. Baadaye alifundisha kemia na fizikia kwa karibu miaka 10 katika shule ya sekondari ya Tottenville, Staten Island. Mwaka 1969 aliacha ualimu ili aishi kwa kalamu.

Tamthilia yake kuhusu mama mwenye uchungu wa maisha na binti zake wawili, The Effect of Gamma Rays on Man-in-the-Moon Marigolds, ilichezwa mara ya kwanza Houston mwaka 1965. Ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1971. Mhariri Charlotte Zolotow aliiona kwenye televisheni, akamshawishi mwandishi awaandikie vijana.

The Pigman

Riwaya yake ya kwanza, The Pigman, ilitoka mwaka 1968. John na Lorraine, wanafunzi wa sekondari, wanapiga simu ovyo kwa watu wasiowajua. Kwa mchezo huo wanakutana na mzee Pignati, mjane anayekusanya sanamu ndogo za nguruwe, naye anawapa upendo wasioupata kwao. Mzee anapolazwa kwa ugonjwa wa moyo, vijana wanafanya karamu nyumbani mwake, na sanamu zake zinavunjwa. Muda mfupi baadaye anafariki.

John na Lorraine wanasimulia kwa zamu, sura moja moja, kwa lugha ya vijana wa wakati wao. Zindel hamtumi mtu mzima kuja kutoa mawaidha mwishoni. Vijana wenyewe wanabaki kujiuliza ni kiasi gani cha kifo kile ni kosa lao.

Kwa sababu ya lugha yake na vijana wanaokunywa pombe na kudanganya wazazi, kitabu hicho kilipingwa mara nyingi katika shule za Marekani. Hata hivyo kiliendelea kufundishwa madarasani.

Kazi za baadaye

My Darling, My Hamburger (1969) inahusu mapenzi ya wanafunzi, mimba na utoaji mimba. Katika miaka ya 1990 Zindel aliandika riwaya za kutisha, miongoni mwake Loch (1994) na Rats (1999), ambamo panya wanatoka kwenye jalala la Staten Island na kushambulia watu.

Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Margaret A. Edwards kwa mchango wake katika fasihi ya vijana. Alifariki kwa saratani mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 66.