Alexis Carrel, munganga mwenye kukuza nyama ndani ya chupa

Mwenye kutumika karibu na asidi ao na moto wa kuyeyusha shaba anajua hii: mutu akiungua sana, hata moto ukizimika, hatari haijaisha. Ngozi njo mulango wa mwili. Ikiondoka, maji ya mwili inatoka na mikrobe inaingia. Wanganga wanaweza kukata ngozi nyembamba fasi ingine ya mwili na kuibandika pa kidonda. Lakini kama mwili karibu wote umeungua, watakata wapi? Juu ya ile ulizo njo tunaleta leo maisha ya Mufaransa Alexis Carrel. Tutasema mazuri yake, na mabaya hatutaficha.

Carrel alizaliwa tarehe 28 Juni 1873 karibu na Lyon, muji wa wafumaji wa hariri. Juni 1894, katika ule muji, Prezidenti Sadi Carnot alichomwa kisu. Mushipa mukubwa wa damu ulikatika, na wakati ule wanganga hawakujua namna ya kuushona vizuri. Prezidenti akakufa. Carrel, kijana mwenye kusoma unganga, hakukubali kama mushipa haushoneki. Akaenda kujifunza kwa mwanamuke mumoja, Madame Leroudier, fundi wa broderi. Kwa yule mama alizoea sindano nyembamba na uzi wa hariri. Katika mwaka 1902 akatangaza namna yake ya kuunga mishipa.

Mwaka 1904 aliacha Ufaransa, na tangu 1906 alitumika New York, ku Rockefeller Institute. Prize Nobel ya unganga alipata mwaka 1912, juu ya ule ushoni. Hata leo, kubandika figo kunahitaji kushona mishipa.

Tarehe 17 Januari 1912 alitwaa kipande kidogo cha moyo wa kifaranga ambacho hakijatoka katika yai, akakiweka ndani ya chupa. Wasaidizi wake walikilisha na kukisafisha bila kuchoka. Zile seli, ni kusema vipande vidogo kabisa vyenye kujenga mwili, zikasemwa kama ziliendelea kuzaana miaka 34, mpaka 1946. Carrel akafundisha kama seli haizeeki. Pale alidanganyika. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kama seli za kawaida za mutu zinagawanyika mara karibu 50, kisha zinasimama. Lakini wengi walikuwa wamejifunza kwa Carrel kama nyama inaweza kuishi nje ya mwili.

Wakati wa vita vya 1914-1918, ku Compiègne, yeye na Henry Dakin waliosha vidonda vya waaskari kwa dawa moja ya jamaa ya javel, iliyopunguzwa nguvu kwa kipimo. (Mutu asijaribu ku nyumba!) Waaskari wengi hawakukatwa tena mikono na miguu.

Sasa mabaya. Katika kitabu chake cha 1935, L'Homme, cet inconnu, Carrel aliandika kama wafanyakazi masikini wako chini juu ya kasoro walizorizi katika mwili na akili. Akashauri tena wahalifu wakubwa wauawe kwa gazi. Mwaka 1941 serikali ya Vichy, yenye kutumikia Wajeremani, ikamupa taasisi ya kuongoza. Alikufa Paris tarehe 5 Novemba 1944, mbele ya kuhukumiwa. Kisha miaka ya 1990, miji mingi ya Ufaransa ilifuta jina lake ku barabara.

Siye wa sindika tunauliza: ule mama wa broderi alikuwa nani? Mufanyakazi wa mikono. Bila sindano yake, hakuna Carrel. Kitabu chake kilikanushwa na vidole vyake mwenyewe.

Kazi ya chupa iliendelea. Mwaka 1975, ku Marekani, Howard Green na James Rheinwald walifaulu kukuza seli za ngozi ya mutu. Mwaka 1983 watoto wawili waliungua zaidi ya sehemu 95 kwa 100 za mwili. Wanganga wa Boston walitwaa vipande vidogo vya ngozi iliyobaki, wakavikuza kwa majuma mpaka vikawa shuka nyembamba, wakazibandika pa vidonda. Watoto wote wawili wakapona. Ile shuka inapasuka upesi na haina matundu ya jasho, lakini inafunga mulango wa mwili.

Hii kazi ni ya bei kali, na iko mbali na migodi yetu. Lakini robine ya maji karibu na fasi ya asidi, na ambulansi yenye mafuta, si ya bei kali. Mwenye kutujibu kama mutu wa chini hastahili, anarudilia kosa la Carrel. Siye tunachunga sindano, kosa tunaliacha.