Walter Lippmann: Mganga wa Habari Asiyejiganga

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Methali hii inaafiki maisha ya Walter Lippmann, mwandishi wa Marekani aliyeutambua ugonjwa wa magazeti mapema kuliko wengi wa rika lake, akauandikia dawa, kisha akaja kuugua maradhi yayo hayo.

Lippmann alizaliwa jijini New York tarehe 23 Septemba 1889, akiwa mtoto wa pekee katika familia tajiri ya Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Mwaka 1906 alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, akasoma falsafa chini ya George Santayana na kujenga usuhuba na mwanafalsafa mkongwe William James. Baada ya masomo alifanya kazi na Lincoln Steffens, mwanahabari aliyevuma kwa kufichua ufisadi katika serikali za miji. Kitabu chake cha kwanza, A Preface to Politics, kilitoka mwaka 1913. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alikuwa miongoni mwa waasisi wa jarida la The New Republic.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, Lippmann aliajiriwa katika Wizara ya Vita. Baadaye alijiunga na jopo la wasomi lililoandaa misimamo ya nchi hiyo kuhusu amani, na mchango wake ukaingia katika Hoja Kumi na Nne ambazo Rais Woodrow Wilson alizitangaza Januari 1918. Kisha alitumwa Ufaransa kuandika vikaratasi vya propaganda vya kuwavunja moyo askari wa Ujerumani. Huko ndiko alikoona kwa macho yake jinsi habari zinavyofinyangwa ili zimwelekeze msomaji kule anakotakiwa kwenda. Alirejea nyumbani akiwa amekata tamaa, hasa alipouona Mkataba wa Versailles ukienda kinyume na matumaini yake.

Badala ya kulalama, aliamua kuchunguza. Yeye na mwenzake Charles Merz walilichukua gazeti la New York Times, lililoheshimika mno, wakasoma habari zake zote kuhusu mapinduzi ya Urusi tangu Machi 1917 hadi Machi 1920. Mbinu yao ilikuwa nyepesi lakini thabiti. Hawakuuliza ni nani mwenye haki baina ya Wabolsheviki na mahasimu wao. Walilinganisha tu yaliyoandikwa na matukio makubwa ambayo hakuna aliyeyabisha baadaye. Matokeo yalichapishwa Agosti 1920 na kuwashtua wengi. Mara 91 gazeti hilo lilikuwa limewaarifu wasomaji wake kwamba utawala wa Wabolsheviki unakaribia kuanguka au umekwisha kuanguka, ilhali utawala huo ulizidi kusimama.

Jambo la maana zaidi ni sababu waliyoitaja. Lippmann na Merz hawakudai kwamba palikuwa na njama ya matajiri. Walionyesha kuwa wanahabari na wahariri waliongozwa na matumaini na hofu zao wenyewe, na kwamba waliwategemea mno maafisa wa serikali na watu wasiotajwa majina. Raia waliotakiwa kuamua juu ya sera ya nchi yao kuelekea Urusi walinyimwa ukweli wakati walipouhitaji zaidi. Tiba waliyoipendekeza ni taaluma: mwanahabari afunzwe kupima ushahidi kama afanyavyo mtafiti.

Mwaka 1922 Lippmann alitoa kitabu chake mashuhuri, Public Opinion. Anakifungua kwa kisa cha kisiwa kimoja mwaka 1914, ambako Waingereza, Wafaransa na Wajerumani waliishi kwa udugu. Meli ya barua ilipofika Septemba, waligundua kuwa kwa zaidi ya majuma sita walikuwa maadui bila ya kujua. Hoja yake ni kwamba binadamu hatendi kwa kuuona ulimwengu wenyewe, bali kwa kuiona picha ya ulimwengu aliyo nayo akilini. Ili kuzieleza picha hizo zilizoganda, aliazima istilahi ya wapiga chapa: bamba la chuma linalotoa nakala ileile kila linapokandamizwa juu ya karatasi. Mwanafalsafa John Dewey alikisifu kitabu hicho, ila alikataa kukata tamaa na raia wa kawaida, na mjadala wao ungali unafundishwa vyuoni.

Tasnia yenyewe nayo ilikuwa ikibadilika. Gazeti la New York World, ambako Lippmann alisimamia ukurasa wa tahariri, liliuzwa mwaka 1931. Mwaka uo huo alianzisha safu yake katika New York Herald Tribune, na hatimaye safu hiyo ikawa inachapishwa katika magazeti zaidi ya 200. Hapa palizuka mamlaka mapya: msomaji hakutafuta gazeti fulani tena, bali jina la mwandishi.

Mamlaka hayo ndiyo yaliyomponza. Februari 1942, baada ya kuzungumza na viongozi wa California, aliandika akiunga mkono Wamarekani wenye asili ya Japani waondolewe katika pwani ya magharibi. Hapakuwa na ushahidi wa hujuma yoyote, naye akauchukua ukimya huo kuwa dalili kwamba hujuma inaandaliwa. Siku chache baadaye, tarehe 19 Februari, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri iliyofungua njia ya kuwahamisha watu wapatao 120,000 na kuwatia kambini. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria na kuwalipa fidia walionusurika. Mtu aliyewaonya wenzake dhidi ya hofu na maneno ya maafisa alikuwa ameandika kwa hofu, na kwa maneno ya maafisa.

Katika uzee wake alionyesha ujasiri wa kupinga vita vya Vietnam, hata akafarakana na Rais Lyndon Johnson, aliyekuwa amemtunuku nishani ya juu ya raia mwaka 1964. Alifunga safu yake mwaka 1967 na kuaga dunia jijini New York tarehe 14 Desemba 1974.

Kosa la 1942 halibatilishi utafiti wa 1920, linauthibitisha. Ikiwa bingwa wa kuzitambua picha za akilini alinaswa na picha yake mwenyewe, basi elimu na umaarufu pekee si kinga. Kinachobaki ni ile kazi ya unyenyekevu ambayo yeye na Merz waliifanya: kuyarejea yaliyoandikwa, kuyaweka kando ya yaliyotukia, na kuhesabu.