HAYATI ANICETI KITEREZA: MTOTO WA KISIWANI ALIYEKAA BWENINI MIAKA KUMI

Ni desturi ya gazeti letu kumkumbuka, kila tunapokutana, mtu mmoja wa kanda hii ya Ziwa aliyetutangulia. Safari hii nimemchagua Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Hakuwa mwenzetu wa shule, lakini katika mkutano wetu tutazungumzia bweni la watoto watokao visiwani, nami sioni mtu ambaye maisha yake yanatufunza jambo hilo kuliko yeye.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Wasilanga, watawala wa Ukerewe. Babu yake alikuwa Omukama Machunda. Mwaka mmoja tu kabla ya kuzaliwa kwake, Wajerumani walikuwa wamemwondoa Omukama Rukonge katika kiti chake. Kwa hiyo mtoto huyu alifungua macho wakati nchi inageuka. Wazee waliomzunguka walikuwa wameishi na kuoa na kutawala kabla hajafika mgeni, na bado waliyakumbuka yote hayo vizuri.

Mwaka 1905 alianza kusoma kwenye misheni ya Kagunguli, hapo hapo kisiwani. Mapadri Weupe waliokuwapo walikuwa na amri kutoka kwa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba kila mmoja ajifunze lugha ya watu aliotumwa kwao. Mmoja wao, Padri Eugène Hurel, aliandika sarufi ya Kikerewe iliyotolewa mwaka 1909, na baadaye akaandika juu ya dini na maisha ya nyumbani ya Wakerewe. Fikirini maana yake kwa mtoto wa miaka tisa. Mwalimu wake alikuwa mgeni, lakini mgeni huyo ndiye aliyekuwa akihangaika kuitamka lugha ya mtoto, wala hakumcheka kwa kuisema.

Mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 13, Kitereza alipelekwa seminari ya Rubya, upande wa pili wa Ziwa, katika nchi ya Ihangiro, ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Huko alikaa miaka kumi. Aliwakuta vijana wa Kihaya, na vijana waliotoka mbali hata Rwanda, kwani mapadri wa kwanza wa Kinyarwanda, waliopewa upadri mwaka 1917, nao walipitia Rubya. Alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, akasoma falsafa na teolojia. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 ilipiganwa mpaka kwenye mwambao wa Ziwa. Bukoba ilishambuliwa mwaka 1915, na mwaka 1916 Waingereza wakaitwaa Ukerewe na kisha Mwanza. Yeye alikuwa bado mwanafunzi.

Yafaa tujiulize: mtoto aliyetolewa kwao katika umri huo, akawekwa bwenini miaka kumi na kufundishwa lugha za Ulaya, alikosaje kupotea?

Kwanza, bweni lenyewe halikuwa ugenini kabisa. Wasilanga husimulia kwamba mkuu wao wa kwanza, Katobaha, alitoka Ihangiro na kuvuka Ziwa hadi Ukerewe. Kikerewe na Kihaya ni ndugu, wala haikumchukua Mkerewe muda mrefu kuelewana na Mhaya. Kitereza alikuwa amerudi, kwa namna fulani, kwenye nchi ya mababu zake. Pili, Lavigerie aliagiza pia kwamba kijana wa Kiafrika anayesomeshwa aachwe awe Mwafrika katika mavazi, malazi na chakula, asigeuzwe Mzungu.

Lakini tusipake asali. Miaka kati ya 13 na 23 ndiyo miaka ambayo kijana wa Kikerewe alikaa na wazee, akajifunza jinsi ya kuposa, kulima, kuvua, kuwaheshimu wakwe na kuzika wafu. Hayo Rubya haikuweza kumpa. Alirudi nyumbani mwaka 1919 akiwa msomi kuliko karibu watu wote wa kisiwa chake, huku vijana ambao hawakuwahi kushika kalamu wakimzidi katika mambo ya kwao.

Hapa tofauti ya Kitereza inaonekana. Wengine wenye elimu ya namna hiyo waliona haya kuuliza. Yeye aliuliza. Alifanya kazi Kagunguli kama katekista na mwalimu, na kwa miaka mingi aliwaendea wazee, akaandika hadithi zao, methali zao na historia ya nchi. Padri Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo sana katika kazi hiyo, na ndiye aliyemshauri aandike mila za Wakerewe kwa njia ya hadithi ili watu wapende kusoma.

Kitabu alikimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Kinamhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokosa mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere anakataa kuoa mwingine. Anakwenda kuomba msamaha, anatozwa pombe ya ndizi, anarudi na mkewe, wanatafuta mganga, na mwishowe wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Ndani ya safari hiyo msomaji anafundishwa jinsi pombe inavyokamuliwa, mgeni anavyopokewa na mgonjwa anavyotibiwa. Yote aliyoyakosa bwenini ameyaandika humo, moja baada ya jingine.

Tena aliandika akiwa na jeraha lake mwenyewe. Yeye na mkewe, Anna Katura, waliwazika watoto wao wakiwa wadogo. Alikaa na Anna mpaka kifo kilipowatenganisha. Anayejua hilo humsoma Myombekere kwa namna nyingine.

Baada ya hapo akasubiri miaka 35. Wachapaji hawakutaka kitabu kirefu katika lugha ya watu wachache. Padri Simard alifariki kabla mswada haujapata mchapaji. Katika uzee wake, akiwa anaumwa viungo, Kitereza aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kiwanda cha Tanzania Publishing House kikautoa mwaka 1980. Mwaka 1981 Mzee akafariki, nakala zilizochapwa hazijamfikia mkononi. Miaka ya 1990 kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekitafsiri kutoka kwenye Kikerewe cha kwanza.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuifanya shule iwe kijiji. Hilo limewahi kujaribiwa. Mwaka 1928, huko Malangali, Iringa, Mwingereza W. Bryant Mumford alianzisha shule ya bweni ya serikali ambamo wanafunzi walivaa mavazi ya kienyeji, walifundishwa na wazee wa kabila, walicheza ngoma na kurusha mikuki. Nia ilikuwa njema, lakini jaribio halikudumu. Wenyeji walitaka watoto wao wapate elimu ileile iliyowapa wengine vyeo na kazi, nao waliogopa kubakizwa nyuma kwa jina la mila. Kitereza hakukosa Kilatini kwa ajili ya Kikerewe, wala Kikerewe kwa ajili ya Kilatini. Alivihitaji vyote viwili, na mtoto wa leo wa kisiwani naye anavihitaji vyote viwili.

Mimi nilipokuwa mdogo, katika shule moja niliyopitia, aliyesikika akisema kilugha alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea amvike yeye. Nilikivaa mara nyingi. Nilijifunza kunyamaza, na nikirudi likizo bibi yangu aliniuliza kwa nini nimekuwa bubu. Sikuwa na jibu. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na yale aliyoyajua juu ya ukoo wetu alikwenda nayo, kwa sababu hakuna aliyenifundisha kwamba ni elimu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapochanga fedha za bweni tusiishie kwenye matofali, mabati na vitanda. Mtoto wa Ukara anakuja na Kikara chake, wa Irugwa na Kijita, wa Kome na Kizinza. Tutafute mlezi anayezielewa lugha hizo, ili mtoto akiumwa usiku wa manane aseme panapouma. Ugali wa muhogo na dagaa visidharauliwe mezani. Siku za kufunga na kufungua shule zipangwe kwa kuangalia vyombo vya majini. Tangu MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 wakafa, yapo majumba ambayo mzazi hapumui mpaka asikie mwanawe amefika. Na mara moja kwa muhula tumwalike mzee kutoka visiwani aje jioni azungumze, nao wanafunzi waandike. Kisha asubuhi waende kwenye hesabu na fizikia kama wenzao.

Nanyi wanafunzi wa sasa, mkipata likizo, kabla hamjalala usingizi wa uchovu wa safari, kaeni na bibi na babu zenu muulize, kalamu mkononi. Mzee Kitereza alianza hivyo hivyo, naye alikuwa tayari anajua Kigiriki.

Mungu amlaze mahali pema peponi.